Upande wa Nyuma wa Bampa

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa usafi.

Nilipopata bampa la kwanza la mteja wa kweli, yaani mtu ambaye si shangazi yangu, nililigeuza nikakuta upande wa nyuma umejaa matope makavu, gundi ya zamani na utando wa buibui. Sikuweza kuvumilia. Nilisugua kwa msasa mkali, nikasugua tena kwa msasa laini, nikapangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, mpaka upande ambao hakuna binadamu angeuona tena ukang'aa kama sahani ya wageni. Katikati palikuwa na herufi ndogo zilizochomoza, zimewekwa kati ya alama mbili zilizochongoka kama midomo ya ndege. Zilinikera. Ziliharibu ulaini. Nikazisugua nazo mpaka zikaisha.

Baadaye sana nilijua kwamba herufi zile ndizo zilizokuwa zinaniambia bampa limetengenezwa kwa plastiki gani. Kiwanda kilikuwa kimeniandikia jibu la mtihani, nami nikalifuta ili karatasi iwe safi.

Kwa asiyeijua kazi yetu: plastiki za gari kwa macho ni ndugu, zote nyeusi, zote ngumu kidogo, zote zinapasuka. Lakini haziungani ovyo. Mabampa mengi yana herufi PP. Grili, ule uso wa mbele wenye meno, na vifuniko vya vioo vya pembeni mara nyingi huwa na ABS. Ukitaka kuziba ufa kwa kuyeyusha, lazima kijiti unachoyeyusha kiwe cha plastiki ileile. Ukikosea, kijiti kinashika vizuri kabisa mpaka mteja afike nyumbani.

Bampa lile lilishika siku kumi na moja. Mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi, alirudi kwenye boda boda akiwa amelikumbatia, limemzidi kulia na kushoto, hata dereva akawa anakata kona taratibu kama rubani. Alilishusha miguuni pangu. Ufa ulikuwa umefunguka palepale, na kijiti changu kilikuwa kimechomoka kizima, kama tambi iliyopoa. Mwalimu alilitazama bampa mbele, akaligeuza nyuma.

"Nyuma lakini ni safi sana," alisema, na nadhani alikuwa ananihurumia.

Haya yalitokea Kisugu, hapa Kampala, katika uwanja wa gereji ulio nyuma ya duka la vipuri. Uwanja na duka ni mali ya mama mmoja mjane ambaye sote tunamwita Hajati. Babu zake walifika Kampala na biashara kutoka pwani zamani hizo, wakakaa, na lugha wakaitunza. Kiswahili chake kimenyooka kiasi kwamba sisi wengine, tuliojifunzia chetu katika kambi za polisi na sokoni, tukiwa mbele yake tunaongea kama watu wanaovuka barabara.

Hajati ana utaratibu wake mmoja ambao sijauona gereji nyingine yoyote. Kazi ya fundi ikirudishwa na mteja, Hajati humpa mteja kipande kingine kutoka dukani ili jina la uwanja lisichafuke. Kisha huchukua nyundo na msumari, huenda kwenye ukuta wa mabati juu ya mahali fundi huyo anapokaa, na kukitundika kile kilichorudi. Kinakaa hapo. Kila mteja anayeingia anakiona. Misumari ikifika mitatu, fundi anakusanya vifaa vyake na kuondoka.

"Mimi sigombi na mtu, mwanangu," aliniambia siku ile, msumari ukiwa kati ya midomo yake. "Mimi natundika tu."

Juu ya fundi wa bodi aliyekaa pembeni yangu hapakuwa na kitu. Miaka tisa, bati tupu. Huyo ni Mkongo wa makamo ambaye uwanja mzima unamwita Papaa. Papaa hakuwahi kuuliza bampa ni plastiki gani. Alitoboa matundu pande mbili za ufa, akapitisha waya, akakaza kwa koleo, akafunika kwa puti ya kujazia, akapiga rangi. Alilishona bampa kama daktari wa vita. Mimi mishono ile ilinitia kichefuchefu. Nilikuwa nimejifunza mwenyewe, kwa video za simu, na kwenye video watu walivaa glavu safi na ufa ulipotea kama haukuwahi kuwepo. Niliamini waya ni kwa watu waliokata tamaa.

"Weye," Papaa aliniambia alipoona bampa la mwalimu likining'inia, "iko na akili mingi. Sasa tafuta mikono."

Baada ya msumari wa kwanza nilijifunza majaribio yote. Niliyaandika kwenye daftari, nikaona mwandiko haujanyooka, nikayaandika upya kwenye daftari jingine. Kwanza soma herufi za nyuma, kama hujazifuta. Kama hazipo, kata kipande kidogo mahali pasipoonekana, ukitupe majini. PP huelea. ABS huzama. Ila kiwanda kikichanganya unga wa mawe ndani ya PP, nayo inaweza kuzama, kwa hiyo maji peke yake yanadanganya. Choma kipande: PP inanuka kama mshumaa uliozimwa, ABS inatoa moshi mweusi wenye masizi yanayoelea na harufu tamu ya ovyo, nailoni inanuka nywele zilizoungua. Mwisho, paka dawa ya kufutia rangi ya kucha. PP haijali. ABS inalainika na kunata.

Dawa hiyo niliinunua kwenye duka la vipodozi. Binti aliyeniuzia alitazama kucha zangu, akatazama uso wangu, akaniuliza kama nataka na rangi.

Majaribio ya moto niliyafanyia nyumbani, na hilo ni kosa ambalo mama yangu bado analitaja. Mama ni askari polisi, tunaishi kambini, chumba na sebule. Kwa siku mbili nilichoma kipande cha kila kitu cha plastiki tulichokuwa nacho: mpini wa kijiko, ncha ya kitana, pembe ya redio, kona ya kiti ambacho mgeni akikaa nilimwelekeza aegemee upande wa pili. Nilikuwa nanusa na kuandika. Mama alirudi kazini, akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Moshi ya machozi kazini inanitosha," alisema. "Ya nyumbani sitaki. Kesho hii plastiki yako yote itoke hapa, na isirudi."

Ndiyo maana uwanja wa Hajati haukuwa mahali pa kazi tu. Ulikuwa mahali pekee Kampala nzima ambapo mimi na plastiki zangu tulikuwa tunaruhusiwa kukaa pamoja.

Msumari wa pili uliingia kwa sababu ya elimu. Dereva mmoja wa teksi aliniletea grili iliyovunjika jino moja. Herufi zilikuwepo nyuma, ABS, zinasomeka vizuri. Mtu mwingine angeanza kazi. Mimi nilitaka kuhakikisha. Nikatia dawa ya kucha kwenye kitambaa, na kwa vile upande wa nyuma ulikuwa na vumbi nami nilikuwa nimeapa kutougusa tena upande wa nyuma wa kitu chochote, nikapaka mbele. Kisha nikabonyeza kwa kidole gumba nione kama imelainika.

Ilikuwa imelainika.

Jino nililiunga vizuri, nasema kweli, ufa haukuonekana. Lakini katikati ya grili, penye kung'aa, palikuwa na alama ya kidole changu, mistari yote imejipanga. Nilijaribu kuisugua ikapanuka. Dereva aliichukua bila kuona kwa sababu kulikuwa na mvua, akairudisha jua lilipotoka.

Hajati alivaa miwani akaitazama kwa karibu. "Subhana'llah," alisema. "Mafundi wengine wanaharibu kazi halafu wanakana. Wewe umetia sahihi."

Akaenda kuchukua nyundo.

Kuanzia hapo nilifanya kazi nikiwa na misumari miwili juu ya kichwa, bampa upande mmoja na grili upande wa pili. Papaa aliniambia nimebakiza taa tu niwe gari kamili. Nilipunguza kazi. Nilikataa mabampa yaliyonitisha, na yote yalinitisha. Niliwaambia watu warudi wiki ijayo, nikitumaini wataamua kuuza gari.

Basi Alhamisi moja asubuhi liliingia gari jeupe la zamani, linakwenda polepole, na dereva mkono mmoja uko kwenye usukani na mwingine uko nje ya dirisha umeshika kamba. Kamba ilipita juu ya boneti na kufika kwenye bampa la mbele. Alikuwa analiongoza bampa lake kama mbuzi.

Nilimfahamu kabla hajashuka. Alikuwa afande mstaafu, mtu wa kaskazini kama sisi, aliyekuwa jirani yetu kambini nilipokuwa mdogo. Alinifahamu pia.

"Wewe si ndiye mtoto ya sajenti? Ule alikuwa analia kama viatu imechafuka?"

"Ndiye mimi, Afande. Shikamoo."

"Marahaba. Angalia hii."

Niliangalia. Bampa lilikuwa limepasuka kushoto na kulia, na sikio moja la kufungia lilikuwa limekatika.

"Uligonga nini, Afande?"

"Mimi sikugonga. Nguzo ya pale soko ya Nakasero imenigonga."

"Nguzo ilikuwa inatembea?"

"Andika vile nimesema."

Nikaandika vile amesema. Kisha akaniambia jambo lenyewe. Jumamosi kijana wake wa kwanza alikuwa anakwenda kwanjula, ile sherehe ya upande wa kijana kujitambulisha kwa wazazi wa binti, nyumbani kwa kina binti huko Kasubi. Msafara wa magari saba, vikapu vya zawadi, kanzu na makoti. Gari la Afande ndilo la kuongoza.

"Watu ya Kasubi iko na macho," alisema. "Wataangalia gari kwanza, kijana baadaye. Nikifika na bampa imening'inia, yule msemaji wao atanichezea mbele ya watu mpaka jioni. Ijumaa saa kumi, inawezekana?"

Jibu la haki lilikuwa hapana. Nilikuwa na misumari miwili. Lakini yule mzee alikuwa amenikumbuka kwa viatu, na niliona aibu kuendelea kuwa mtoto yule.

"Inawezekana, Afande."

Nyuma yangu, dukani, nilisikia droo ya misumari ikifunguliwa na kufungwa. Hajati husema alikuwa anatafuta kalamu.

Nilitoa bampa garini nikaligeuza. Nyuma palikuwa na tabaka la lami, rangi ya zamani na puti, na herufi sikuziona popote. Mkono uliushika msasa wenyewe. Niliuweka chini. Nikakata vipande viwili vidogo vya ukubwa wa kucha, kimoja ukingoni kushoto na kingine ukingoni kulia, kwa kuwa mimi sijawahi kuamini jibu linalotoka mara moja. Nikaazima beseni la Hajati la kuoshea vyombo, nikatia maji, nikatupa vipande vyote viwili.

Kimoja kikaelea. Kingine kikazama.

Nilivitoa, nikavifuta, nikavitupa tena. Kimoja kikaelea. Kingine kikazama. Nikabadilisha maji. Nikafikiri labda kuna mapovu yaliyoshika kile kinachoelea, nikakisugua na sabuni, nikakisuuza. Kikaelea kama bata.

Mafundi walianza kukusanyika. Mmoja aliuliza kama naoga. Mwingine akasema hapana, anabatiza. Wakagawanyika pande mbili, wa kuelea na wa kuzama, na kila nilipotupa vipande walishangilia. Nikakata vingine viwili, mahali palepale. Kushoto kikaelea, kulia kikazama, na upande wa kuzama wakapiga makofi ingawa hawakuwa wameshinda lolote.

Nilichoma. Kushoto: mshumaa. Kulia: moshi mweusi, na masizi mawili yakatua kwenye ushungi wa Hajati. Nilipaka dawa ya kucha. Kushoto: hakuna kitu. Kulia: kidole kikanata, nikakivuta haraka nikakumbuka grili.

Nilikaa kwenye jerikani langu. Daftari langu halikuwa na ukurasa wa bampa ambalo halijakubaliana na lenyewe. Nilianza kuamini nimepoteza akili, na nakiri kwamba wazo hilo lilinipa nafuu kidogo, maana mwendawazimu hawezi kutundikiwa msumari.

Kitu kilichonigutusha ni ukimya wa Papaa. Uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele, na yeye, ambaye hajawahi kuona beseni asiseme kitu, alikuwa amegeuka anasafisha koleo iliyokuwa safi.

Nilirudi kwenye bampa. Safari hii sikusugua. Nilikwangua kidogo tu, kwa ncha ya kisu, katikati kabisa, nyuma ya mahali pa namba ya gari. Lami ikatoka. Chini ya lami puti. Chini ya puti waya wenye kutu, mishono kumi na miwili toka juu mpaka chini. Kila mshono ulikuwa umesokotwa mara mbili na mkia wake umekunjwa kushoto. Mafundi wote wa Kisugu hukunja mkia kulia. Mmoja tu hutumia mkono wa kushoto.

"Papaa."

Hakugeuka.

"Papaa, hili bampa unalijua?"

"Mbele ya kufika kwa huyu afande, gari ilikuwa ya mtu mwingine," alisema akiangalia koleo. "Ilifika hapa na nusu bampa. Nusu. Nikapata ingine ya sura moja, ile ya kopi, nikakata nusu yake, nikashona. Ni miaka sita sasa."

"Kwa hiyo kushoto ni PP na kulia ni ABS."

"Ile sijui. Kushoto ni kushoto na kulia ni kulia."

"Nimekaa na beseni saa mbili! Mbona hukusema?"

Hapo ndipo alipogeuka. "Weye uliuliza maji. Uliuliza moto. Uliuliza dawa ya wamama. Mimi niko hapa, mita mbili. Mimi hukuniuliza."

Uwanja wote ulicheka, upande wa kuelea na upande wa kuzama pamoja. Mimi nililiangalia bampa, na nikaona kitu ambacho sikutaka kukiona. Nguzo ya Nakasero ilikuwa imelipasua kushoto na kulia. Katikati, kwenye mishono ya Papaa, halikuwa limesogea hata unywele.

Hajati alikuwa amesimama mlangoni. "Papaa," alisema kwa upole, "hiyo si kazi yako iliyorudi?"

Papaa aliruka kama amekanyaga moto. "Hapana, Hajati! Iliyorudi ni ya nguzo!"

Mambo yakawa wazi. Nyufa za kushoto zilihitaji vijiti vya PP, za kulia vya ABS, na pale katikati hakuna kijiti duniani ambacho kingezikubalisha zile mbili. Waya ulikuwa na kutu, ulihitaji kubadilishwa kabla ya Jumamosi. Na nilikuwa nimetumia mwaka mzima kuwaambia wateja, Papaa akisikia, kwamba kushona ni ushamba.

"Papaa, nifundishe kushona."

Aliweka koleo chini. Kisha akasukuma jerikani lake likagusana na langu.

Vijiti vya ABS nilikuwa nimeishiwa, na vya PP sikuwa nimewahi kuwa na vya kutosha. Niliinua macho kufikiri, na macho yakakutana na ukuta. Bampa la mwalimu. Herufi zake nilizifuta, lakini kipande chake nilikitupa kwenye beseni na kikaelea. Nilikichoma kikanuka mshumaa. Na grili ya kidole gumba ilikuwa ABS, herufi zipo. Aibu zangu mbili zilikuwa ndizo plastiki mbili nilizohitaji.

"Hajati, naomba ruhusa nikate vijiti pale juu."

Hajati alifikiri. Nadhani hakuwahi kuombwa jambo kama hilo. "Bampa kata upendavyo," alisema. "Grili kata pembeni. Kidole kibaki."

Tulifanya kazi siku nzima ile na asubuhi ya Ijumaa. Nilichonga vijiti kutoka kwenye bampa la mwalimu nikayeyushia kushoto, vya grili nikayeyushia kulia, na mara hii vilishika kama vinavyotakiwa, vikaingia ndani ya ufa badala ya kulala juu yake. Katikati, Papaa alitoa mishono ya zamani mmoja mmoja na kuniachia mipya. Nilitoa rula nikaanza kupima nafasi kati ya tundu na tundu. Papaa aliichukua rula akaiweka mfukoni mwake.

"Weye unashona bampa ama gauni ya bibi harusi?"

"Nataka yawe sawa."

"Yakuwe karibu. Sawa ni ya fundi cherehani."

Mishono yangu mitatu ya kwanza ilikatika kwa kukazwa kupita kiasi. Wa nne ulishika. Kufikia wa kumi na mbili nilikuwa nimeacha kuhesabu, na mimi huwa siachi kuhesabu. Rangi ilipokauka, kabla ya kufunga bampa garini, nililigeuza mara ya mwisho. Lami ilikuwepo, matope yalikuwepo. Sikugusa. Nilichukua chuma cha moto nikaandika PP upande wa kushoto, ABS upande wa kulia, na katikati mshale wa kuonyesha waya, kwa ajili ya fundi yeyote atakayelifungua baadaye na beseni lake.

Ijumaa saa kumi Afande alilipiga bampa konzi mbili, kama anayebisha hodi, akasema ni sawa. Mimi nilisema naomba kwenda nao Kasubi.

"Kwa nini? Hujui kijana wangu."

"Kuangalia tu, Afande."

Alinielewa vibaya, akadhani natafuta mchumba, akakubali kwa furaha.

Kwa hiyo Jumamosi nilipanda gari la kuongoza nikiwa na kanzu ya kuazima, koti la marehemu baba, na mfukoni mwa koti waya na koleo. Kila tuta tulilopita nilishusha kioo na kutoa kichwa. Mke wa Afande alinipa mfuko wa plastiki akiamini natapika. Nilitambua kwa kuugusa kwamba ule mfuko ungeelea.

Tulifika Kasubi bampa likiwa mahali pake. Wengine waliingia kwenye mahema na kupangwa kwenye viti. Mimi nilibaki nje kidogo, nikachuchumaa mbele ya gari, nikapitisha vidole chini ya bampa kuhesabu mishono. Nilikuwa kwenye wa tisa nilipogundua kwamba kipaza sauti kimenyamaza.

Msemaji wa upande wa binti, mzee mwembamba mwenye sauti ya kuuza kitu chochote, alikuwa ananiangalia kupitia uwazi wa hema, na watu wote walikuwa wamegeuka pamoja naye. Alisema kwa Kiganda, taratibu ili kila mtu afurahi, kwamba ameona wageni wanaopigia magoti wazee, na hilo ni adabu njema, lakini leo ndiyo mara ya kwanza kuona mgeni anayepigia magoti gari. Je, gari hilo ndilo linalotaka kuoa?

Hema lililipuka kwa kicheko. Nilitamani nizame kama ABS. Kisha Afande akasimama, akanyoosha koti lake, na kwa Kiganda kilichojaa lafudhi ya kaskazini akajibu kwamba yule ni fundi wake, kwamba upande wao wakitoka hutembea na fundi, na kwamba wakimkabidhi binti yao watajua amekwenda kwa watu wanaoangalia vitu vyao. Wanawake wa upande wa binti walipiga vigelegele. Msemaji akasema basi fundi aingie ale. Nilikula na koleo mfukoni.

Jumatatu saa nne asubuhi gari jeupe liliingia uwanjani.

Sikuliangalia bampa. Nilimwangalia Hajati, ambaye alikuwa ametoka dukani na nyundo mkono mmoja na msumari mkono mwingine. Hakuwa na hasira. Hajati hagombi. Papaa alisimama. Nilianza kukunja daftari langu ndani ya kitambaa, kwa sababu nikiogopa mimi hupanga vitu.

Afande alishuka. "Kijana, njoo uone bampa."

Nilikwenda mbele ya gari.

"Huko unaenda wapi? Nyuma!"

Wakati wa kuondoka Kasubi, shangazi wa bwana harusi alikuwa amelazimisha kuendesha basi dogo la zawadi mwenyewe. Bampa la nyuma la Afande lilikuwa limeingia ndani kama bakuli. La mbele lilikuwa limetulia, rangi yake bado inanuka.

"Hiyo shangazi imenigonga," alisema Afande. "Andika vile."

Hajati alilizunguka gari zima mara mbili. Aliinama mbele akalitikisa bampa kwa mkono wake wenye nyundo. Halikutikisika.

"Hii haijarudi," alisema hatimaye. "Hii imekuja." Akageuka kurudi dukani, na safari hii droo niliisikia ikifungwa tu.

Nilichuchumaa nyuma ya gari, nikaingiza mkono ndani ya bampa lile jingine, nikapapasa kwenye vumbi mpaka vidole vikagusa herufi. Kabla ya kuchungulia nilipaza sauti.

"Papaa! Hili la nyuma nalo unalijua?"

"Ile hapana," alijibu kutoka kwenye jerikani lake. "Ile soma."

Hayo yalitokea zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Bado niko uwanjani kwa Hajati, na juu yangu kuna misumari ileile miwili. Bampa la mwalimu limebaki mfupa kwa kukatwa vijiti, grili bado ina kidole. Siku hizi nasoma upande wa nyuma kabla ya kuusafisha, nazishona plastiki zisizoungana, na nisipojua ninachoshika, namuuliza aliyekishika kabla yangu.